Wavunaji wa Anwani

Watoto wengi wa pwani ya Afrika Mashariki wanaujua mchezo wa kusema kinyume. Silabi ya mwisho ya neno hutolewa mahali pake ikatangulizwa, na hivyo "kitabu" huwa "bukita", na "nyumba" huwa "mbanyu". Mtu mzima asiyeuzoea mchezo huo huweza kuketi karibu yao asiambulie kitu, ingawa maneno yote yanasemwa mbele yake kwa sauti kubwa. Lakini siri yenyewe ni ya kanuni moja tu. Aliyekwisha kuijua kanuni husikia kila kitu, na hakuna tena cha kufichwa.

Mchezo wa namna hiyohiyo, ukichezwa na watu wazima wenye elimu yao, umeendelea kwa zaidi ya miaka 20 katika barua pepe. Mtu anayeandika mahali panaposomwa na watu wote mara nyingi haitaji anwani yake kama ilivyo. Badala ya kuandika asha@example.com, huandika "asha at example dot com", akitumaini kwamba binadamu ataielewa na mashine haitaielewa. Makala haya yanaeleza mashine hiyo ni ipi, inatafuta nini, na kama kinyume cha aina hiyo kinaficha kweli au kinaficha kwa muda tu.

Orodha na hifadhi yake

Mahali ambapo mchezo huo umechezwa zaidi ni katika orodha za barua. Orodha ya barua ni utaratibu wa zamani na sahili. Watu wenye shughuli moja, tuseme wachunguzi wa ndege, walimu wa kemia au mafundi wa kompyuta, hujiandikisha kwenye kompyuta moja inayotunza anwani zao. Mmoja wao akipeleka barua kwenye anwani ya orodha, kompyuta hiyo humpelekea nakala kila mwanachama. Programu ya LISTSERV, iliyotungwa mwaka 1986 na Eric Thomas alipokuwa mwanafunzi nchini Ufaransa, iliifanya kazi hiyo ijiendeshe yenyewe bila karani wa kuongeza na kufuta majina. Baadaye ikaja programu ya Mailman, ambayo hutolewa bure na imetumiwa na vyuo na vyama vingi duniani.

Orodha nyingi za kitaaluma huziweka barua zake zote katika hifadhi iliyo wazi, ambamo mtu yeyote anaweza kusoma yaliyosemwa tangu siku ya kwanza. Hapo ndipo penye thamani yake, na ndipo penye hatari yake. Mwalimu wa sekondari anayehangaika leo na kipimo cha maabara kisichotoa jibu sahihi huweza kukuta kwamba swali lake liliulizwa miaka mingi iliyopita na mtu wa nchi nyingine, likajibiwa na watu wanne, na mmoja wao akakosolewa kwa haki. Kwa shule isiyokuwa na majarida katika maktaba yake, hifadhi ya namna hiyo si anasa. Na mara nyingi jibu lililoandikwa halitoshi. Msomaji hutaka kumwandikia aliyelitoa, amwulize jambo la pili. Kwa hiyo anwani iliyo juu ya barua ni sehemu ya elimu yenyewe. Ikifutwa, njia imekatwa. Ikiachwa wazi, imeachwa pia kwa yule asiyekuwa na haja ya kemia hata kidogo.

Kitabu cha anwani cha mwaka 1978

Alama ya @ iliingizwa katika anwani za kompyuta mwaka 1971 na mhandisi wa Marekani Ray Tomlinson. Alitaka alama isiyopatikana katika jina la mtu yeyote, ili kompyuta ijue jina linaishia wapi na mahali pa kupelekea barua panaanzia wapi. Hakuweza kujua kwamba alikuwa akimwekea mwindaji wa baadaye unyayo wa kufuata.

Mwezi Mei 1978, Gary Thuerk, mwuzaji wa kampuni ya Digital Equipment Corporation, alitaka kuwaalika watu wa magharibi ya Marekani waje kutazama kompyuta mpya. Mtandao wa wakati huo, ulioitwa ARPANET, uligharimiwa na Wizara ya Ulinzi, na watumiaji wake waliorodheshwa katika kitabu kilichopigwa chapa, mfano wa kitabu cha simu. Anwani karibu 400 zikachukuliwa humo na kupigwa taipu kwa mkono. Zilikuwa nyingi kuliko nafasi iliyotengwa kwa wapelekewa. Zilizozidi zikamwagika ndani ya barua yenyewe, hata wasomaji wakakuta mistari mingi ya anwani za wenzao kabla ya kulifikia tangazo. Wakuu wa mtandao walikasirika. Barua hiyo huhesabiwa kuwa barua taka ya kwanza, na yafaa kuangalia kwamba ubaya uliofuata ulikuwamo tayari ndani yake: orodha iliyochapwa kwa nia njema ilichukuliwa kwa kazi nyingine, na anwani za watu zikaanikwa mbele ya wasiohusika.

Tarehe 12 Aprili 1994 mawakili wawili wa jimbo la Arizona walitangaza huduma zao kuhusu bahati nasibu ya vibali vya kuishi Marekani katika maelfu ya vikundi vya majadiliano vya Usenet. Walilaumiwa duniani kote. Lakini wafanyabiashara wa tabia kama yao walijifunza kwamba lawama haigharimu fedha, na muda si mrefu kazi ya kukusanya anwani ikaachiwa mashine.

Mashine isiyosoma maana

Programu ya kuvuna anwani si kitu cha ajabu. Mwanafunzi aliyekwisha kujifunza uandishi wa programu kwa muhula mmoja au miwili anaweza kuelewa jinsi inavyojengwa. Huanza na ukurasa mmoja wa tovuti, huyapitia maandishi yake herufi kwa herufi, na kutafuta umbo moja tu: herufi au tarakimu kadhaa zisizo na nafasi kati yake, kisha alama ya @, kisha herufi nyingine zenye nukta ndani yake. Kila kinacholingana na umbo hilo hunakiliwa. Halafu programu huvifuata viungo vyote vya ukurasa ule kwenda kurasa nyingine, na kuanza upya. Haichoki, wala haijui kama ukurasa unahusu malaria au mpira wa miguu. Hifadhi ya orodha ya barua ni shamba zuri kwake kuliko mengi, kwa sababu kurasa zake zote zina umbo moja, na kila ukurasa huwa na angalau anwani moja ya mtu halisi.

Upumbavu wake wakati mwingine huchekesha. Kila barua pepe hubeba namba yake ya utambulisho, ambayo nayo huandikwa ikiwa na alama ya @ katikati. Wavunaji wamekuwa wakizikusanya namba hizo kana kwamba ni watu, na wasimamizi wa seva wameona barua nyingi za matangazo zikipelekwa si kwa mtu bali kwa namba ya barua nyingine.

Mwaka 2002 Tume ya Biashara ya Serikali ya Marekani ililipima jambo hili kwa njia ambayo darasa lolote lingeielewa. Anwani mpya 250, zisizojulikana na mtu, ziliwekwa katika mahali 175 mbalimbali mtandaoni, kisha wachunguzi wakangoja. Katika kila anwani 100 zilizowekwa kwenye kurasa za tovuti, 86 zilipokea barua taka. Zilizowekwa katika vikundi vya majadiliano zilipata kiwango hichohicho. Anwani moja iliyotajwa katika chumba cha mazungumzo ilifikiwa na barua ya kwanza baada ya dakika chache tu. Mwaka uliofuata, Center for Democracy and Technology, shirika la mjini Washington, lilichapisha jaribio lake la miezi sita, nalo likaongeza jambo muhimu. Anwani zilizoachwa wazi kwenye tovuti ndizo zilizopata karibu barua taka zote; zile zilizogeuzwa umbo, kwa mfano kwa kuandika maneno badala ya alama, hazikupata hata moja.

Kinyume, basi, kilifanya kazi. Kwa nini kifanye kazi, hali mtoto mdogo angeweza kukifumbua?

Barua milioni 350, wanunuzi 28

Jibu halimo katika elimu ya siri bali katika hesabu ya biashara. Mwaka 2008 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, wa Berkeley na San Diego, walijipenyeza katika mtandao wa kompyuta zilizotekwa ulioitwa Storm, wakazifuatilia barua zilizotangaza dawa. Katika siku 26 zilipelekwa barua karibu milioni 350. Watu waliofika hadi kutaka kununua walikuwa 28. Mwalimu wa hesabu anaweza kuiandika ubaoni: barua milioni 12.5 kwa kila mnunuzi mmoja.

Kama kila barua ingebandikwa stempu, biashara hiyo ingekufa siku ya kwanza. Huishi kwa sababu kupeleka barua hakugharimu karibu chochote, na kwa sababu anwani zenyewe huokotwa bure. Mvunaji mwenye shamba kubwa namna hiyo hana haja ya kurudi nyuma kutafuta suke moja lililofichwa na jani. Anwani iliyoandikwa kwa maneno haikusalimika kwa kuwa haifumbuliki. Ilisalimika kwa kuwa za jirani zilikuwa wazi.

Ndiyo sababu ulinzi huu hudhoofika kadiri unavyoenea. Mailman huweza kuzibadilisha anwani zote katika hifadhi yake ziwe na neno "at" katikati, lakini huzibadilisha kwa namna moja katika kila orodha inayoiendesha, na mvunaji anayeongeza mstari mmoja katika programu yake huzipata zote kwa mkupuo. Mtu anayeandika kwa Kiswahili kwamba anwani yake ni asha, kisha ile alama, kisha example nukta com, amejificha vizuri zaidi. Si kwamba Kiswahili ni kigumu, bali wanaofanya hivyo ni wachache. Hata hilo lina mwisho wake. Programu za siku hizi zilizofunzwa kwa maandishi mengi ya lugha za watu huweza kuisoma sentensi hiyo na kuijenga anwani upya. Kizuizi kilichobaki ni gharama ya kuzitumia kwa kila ukurasa, na gharama za kompyuta zina tabia ya kushuka.

Mlango wa nyuma

Wasimamizi wengi wa orodha hukishughulikia kichwa cha barua wakasahau kiwiliwili. Mtu anapojibu barua, mara nyingi programu yake huandika yenyewe mstari wa kutangulia, kwamba siku fulani mtu fulani aliandika yafuatayo, na ndani ya mstari huo huitia anwani kamili ya mwenzake. Hivyo mtu aliyekuwa mwangalifu miaka yote huanikwa na rafiki aliyemjibu kwa moyo mwema. Chini ya barua huwapo sahihi ya ofisi yenye namba ya simu, sanduku la posta na anwani ileile. Kisha ziko orodha ambazo, kwa desturi iliyobaki kutoka enzi za kuaminiana, humpa mtu yeyote majina ya wanachama wote akiyaomba kwa amri moja. Na hakuna kinachomzuia mvunaji asijiandikishe kama mwanachama, akanyamaza, akapokea kila barua ikiwa na anwani ya aliyeiandika. Kwa mtu huyo, kuificha hifadhi hakubadilishi kitu.

Wengine husema kwamba haya yote yamepitwa na wakati, kwa kuwa machujio ya barua yamekuwa mazuri. Ni kweli kwa sehemu. Tangu mwaka 2002 yalipoanza kuenea machujio yanayotumia kanuni ya uwezekano ya Thomas Bayes, ambayo hupima ni maneno gani hutokea zaidi katika barua taka kuliko katika barua halali, wengi wamepumzika na adha ya kufuta matangazo kila asubuhi. Lakini wakati huohuo anwani imepata kazi nyingine. Siku hizi ndiyo jina ambalo mtu hulitumia kuingia katika akaunti zake nyingi, na mwizi huwa na haja nayo kuliko mwuza dawa. Hifadhi ya orodha humpa mwizi huyo zaidi ya anwani. Humwonyesha kwamba mwalimu fulani aliuliza bei ya darubini wiki iliyopita, na kwamba fulani mwingine alimjibu. Barua ya hila inayokuja kesho yake, ikizungumzia darubini na kutaja jina la huyo aliyemjibu, si barua ambayo chujio huitambua kwa wepesi. Upande huu wa jambo haujapewa uzito unaostahili.

Tarishi na daftari lake

Njia madhubuti zaidi ni kutoiweka anwani hadharani kabisa. Baadhi ya tovuti zilijaribu kuifunika kwa fumbo. Alan Turing alikwisha kuuliza mwaka 1950 jinsi mtu anavyoweza kutambua kama anazungumza na mashine. Mwaka 2003 Luis von Ahn na wenzake wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon walieleza mtihani uliogeuza swali hilo, ambamo mashine humpima mtu. Msomaji huonyeshwa herufi zilizopindapinda, na akizisoma sawasawa hufunguliwa anwani. Mtihani huo uliwafungia njia wasioona tangu mwanzo, na haukudumu: mwaka 2014 kampuni ya Google ilitangaza kwamba mashine yake ilizisoma herufi ngumu kabisa za aina hiyo kwa usahihi wa asilimia 99.8.

Njia nyingine ni tarishi. Kompyuta humpa kila mwandishi anwani ya bandia, huonyesha hiyo tu, na barua inayofika hupelekwa kwa siri kwa mwenyewe. Hivyo msomaji bado anaweza kuuliza swali lake la pili, jambo ambalo kufuta anwani hakumruhusu. Lakini tarishi hana budi kuwa na daftari linaloonyesha jina gani la bandia ni la nani. Johan Helsingius wa Ufini aliendesha tarishi maarufu wa namna hiyo tangu mwaka 1993. Mwaka 1995 polisi walilazimisha jina moja litolewe katika daftari lake, na mwaka 1996, baada ya mashauri zaidi, aliifunga huduma yote. Hatari hutoka ndani pia: mwaka 2003 mhandisi wa kampuni ya AOL aliiba humo kazini majina milioni 92 ya watumiaji, yakaishia kwa wapelekaji wa barua taka, naye akahukumiwa kifungo mwaka 2005. Anwani zilizokusanywa mahali pamoja ni rahisi kulinda na ni rahisi kuiba.

Badiliko kubwa zaidi lilikuja bila kukusudiwa. Mwezi Aprili 2014 kampuni ya Yahoo ilizitaka seva duniani zikatae barua yoyote yenye anwani ya Yahoo upande wa mpelekaji ikiwa haikuweza kuthibitishwa kwamba imetoka kwake. Nia ilikuwa kuwazuia wanaoghushi. Lakini orodha ya barua hupokea barua ya mwanachama, pengine huiongezea maneno yake, na kuipeleka tena kutoka kompyuta nyingine. Kwa macho ya seva, haina tofauti na mghushi. Barua halali zikaanza kurudishwa, AOL ikafuata mwezi huohuo, na wasimamizi wakalazimika kuliondoa jina la mwanachama mahali pa mpelekaji na kuweka anwani ya orodha yenyewe. Kwa hiyo watu wengi leo huonekana wakiandika "kwa njia ya" orodha. Wengine hudhani wamefichwa. Mara nyingi anwani yao ya kweli imehamishiwa tu kwenye mstari mwingine, ule wa kuelekeza majibu, ambamo mvunaji aliyejiandikisha huiona vilevile.

Sheria nazo zipo. Ile ya Marekani ya mwaka 2003 hulihesabu kosa kuwa zito zaidi ikiwa anwani zilivunwa kwa mashine kutoka tovuti iliyotangaza kwamba haitoi anwani za watu. Tanzania ina kifungu kuhusu ujumbe usioombwa katika Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, na ilitunga Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi mwaka 2022. Kenya ilikuwa imetunga Sheria ya Ulinzi wa Data mwaka 2019. Ugumu ni kumkamata mtu anayevuna kutoka nchi moja, akapeleka barua kutoka kompyuta zilizotekwa katika nchi nyingine 20.

Mtego

Ugumu huo ndio uliozaa jambo la werevu zaidi katika historia hii. Mradi wa Honey Pot, ulioanza mwaka 2004, huweka kwenye tovuti za watu waliojitolea kurasa ambazo msomaji wa kawaida hazioni. Kila mgeni anayeufikia ukurasa huo huonyeshwa anwani ambayo haijapata kuonyeshwa kwa mwingine, na saa ya kufika kwake pamoja na namba ya kompyuta yake huandikwa. Barua taka ikija siku moja katika anwani hiyo, hakuna shaka ni nani aliyeivuna, wala lini. Kinyume sasa kimegeuziwa mvunaji: yeye ndiye asiyejua anachosomewa.

Hila hiyohiyo yaweza kutumiwa na mwanafunzi kwa kiasi chake. Huduma nyingi za barua huruhusu kuongeza alama ya kujumlisha na neno baada ya jina, kama asha+kemia@example.com, na barua hufika mahali palepale. Mvunaji mwangalifu anaweza kuikata sehemu hiyo iliyoongezwa, kwa hiyo ni salama zaidi kufungua anwani ya pekee kwa ajili ya orodha, isiyotumiwa kwa benki wala kwa maombi ya chuo. Kabla ya kuandika, yafaa kuisoma hifadhi ya orodha na kuona inavyozionyesha anwani za waliotangulia, kwa maana barua ikishanakiliwa na wengine, msimamizi huweza kufuta nakala yake tu. Na katika kujibu, mstari wenye anwani ya mwenzako hufutwa kwa sekunde chache. Anwani ya pekee ikianza siku moja kupokea matangazo ya dawa, mwenyewe atajua mlango uliovuja. Ataifunga, atafungua nyingine, na kuwaandikia wenzake wa orodha ileile.